Mkalimani Anatutosha: Emuleta Yetu Iandikwe kwa Pascal

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Najua wengi wenu mkifungua jarida la Chama cha Kiswahili mnatarajia shairi, hadithi au vitendawili. Leo nimekuja na jambo la kompyuta. Tafadhali msifunge ukurasa. Jambo lenyewe ni la lugha, na nitawaonyesha kwamba ugomvi tulio nao katika Chama cha Kompyuta ungekwisha zamani kama tungekumbuka somo moja tu la Kiswahili, yaani tofauti iliyopo kati ya mkalimani na mfasiri.

Ugomvi wenyewe ni huu. Tunataka kuandika emuleta. Emuleta ni programu inayoifanya kompyuta moja ijifanye kompyuta nyingine. Ninyi mnaocheza mpira wa PSP kwenye simu mnaitumia kila siku bila kujua. PSP ni mashine ndogo ya michezo iliyotolewa na kampuni ya Sony mwaka 2004, na wengi wetu hatujawahi kuishika mkononi. Hata hivyo michezo yake inachezwa kwenye simu kuanzia Kisii mjini, Keroka, hadi Nyamira. Kinachowezesha hayo ni PPSSPP, emuleta iliyoanzishwa mwaka 2012 na Henrik Rydgård, raia wa Uswidi. Simu inajifanya PSP, nao mchezo unadanganyika.

Sisi hatutaki kuiga PSP. Tumekubaliana kuanza na CHIP-8, ambayo ni ndogo zaidi. Hapo hatuna tofauti. Tofauti imekuja tulipouliza maswali mawili. Je, tuiandike kwa lugha gani ya programu? Na je, itekeleze amri kwa njia gani? Wanachama wamegawanyika mafungu matatu. Kuna wa C, kuna wa Python, na kuna sisi wachache wa Pascal, tunaochekwa. Kura itapigwa katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao. Ndiyo maana naandika.

Kwanza niwakumbushe yaliyotupata, maana asiyejua atokako hajui aendako.

Kulikuwa na kaka mmoja aliyetutangulia hapa shuleni. Alikuwa mwerevu kupindukia, tena mtu wa bidii. Aliandika emuleta peke yake kwa lugha ya C, na akachagua njia ngumu kuliko zote, nitakayoieleza hapa chini. Ilikwenda kasi ajabu! Alipomaliza Kidato cha Nne alituachia flashi yenye faili moja ya mistari zaidi ya elfu mbili, bila hata neno moja la maelezo. Tulipoifungua kwenye kompyuta za shule ikakataa. Kumbe ilikuwa imeandikwa kwa mashine za biti 64, na zetu nyingi ni kuukuu za biti 32. Tukaomba kompyuta ya mwalimu, tukaenda nayo kwenye maonyesho ya sayansi.

Siku hiyo siwezi kuisahau. Mwamuzi mmoja, mama mpole mwenye miwani, aliutazama mchezo ukienda, akatabasamu. Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja wa programu akauliza, "Huu unafanya kazi gani?" Nikamtazama mwenzangu. Mwenzangu akanitazama. Tukawa kama kuku aliyenyeshewa. Mama yule hakutugombeza. Alisema tu, "Wanangu, mwaka ujao mje na kazi yenu wenyewe."

Maneno hayo yalinichoma kuliko kiboko. Na si aibu tu iliyo mezani. Mwalimu mlezi wetu ametuambia waziwazi kwamba kama hadi mwisho wa muhula wa pili hatutakuwa na kitu ambacho mwanachama yeyote anaweza kukieleza, saa zetu mbili za Jumamosi katika chumba cha kompyuta zitapewa masomo ya ziada. Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Wengi hatuna kompyuta nyumbani, na saa kumi na moja jioni lazima mtu awe njiani kabla giza halijamkuta. Tukipoteza Jumamosi tumepoteza kila kitu.

Sasa nirudi kwa mkalimani na mfasiri.

Kompyuta inayoigwa ina amri zake, na kompyuta yetu ina zake. Lazima mtu asimame katikati. Fikirini mkutano wa injili hapa Kisii. Mhubiri ametoka mbali, anasema Kiingereza. Pembeni yake amesimama mkalimani. Mhubiri akitoa sentensi moja, mkalimani anaitoa kwa Ekegusii. Wanakwenda hivyo hivyo, sentensi kwa sentensi. Mhubiri akirudia sentensi moja mara arobaini, maskini mkalimani anaifikiria upya mara arobaini. Hiyo ndiyo njia ya kwanza, na wenye kompyuta huiita intapreta. Ni ya polepole, lakini hata mtoto anaielewa.

Njia ya pili ni ya mfasiri. Ile Biblia ya Ekegusii iliyo mezani kwa nyanya yangu ilitafsiriwa mara moja, ikachapishwa, na leo nyanya husoma moja kwa moja bila kumngoja mtu. Wenye kompyuta huiita kompaila. Ni ya kasi. Lakini kwa emuleta ina taabu yake, kwa kuwa ndani ya mchezo amri na picha zimechanganywa katika kumbukumbu moja, zote ni namba tupu, na kabla mchezo haujaanza huwezi kujua kwa hakika ipi ni amri na ipi ni picha.

Njia ya tatu ni ya mkalimani mwenye daftari. Anaposikia fungu la maneno kwa mara ya kwanza analifasiri na kuliandika. Likirudiwa hafikirii tena, anasoma daftari lake. Huku ndiko kufasiri papo hapo, na ndiko PPSSPP inakofanya kwenye simu za Android. Ndiko pia kaka yetu alikofanya. Wanachama wa C wanasema nasi tufuate njia hiyo hiyo, eti mkalimani wa kawaida ni mzembe.

Jamani, hebu tupige hesabu badala ya kupiga kelele.

Prosesa ya PSP inaweza kufikia megahezi 333. Tuseme basi inatekeleza amri milioni 333 kwa sekunde moja. Tuseme mkalimani wetu anahitaji hatua 20 kwa kila amri, maana lazima aichukue, aitambue, kisha aitekeleze. Hizo ni hatua 6,660,000,000 kwa sekunde. Simu ya bei ya chini itakufa nazo. Hapo daftari ni lazima, na sina ubishi.

Sasa CHIP-8. Michezo yake mingi huchezeka vizuri kwa amri 700 hivi kwa sekunde. Naam, mia saba! Tuseme mkalimani wetu ni mvivu sana, anatumia hatua 1,000 kwa kila amri. Hizo ni hatua 700,000. Kompyuta zetu za shule, pamoja na uzee wao, hupiga mapigo kama 2,000,000,000 kwa sekunde. Hatujatumia hata sehemu moja kwa elfu mbili ya nguvu zake. Muda mwingi mkalimani atakuwa ameketi anangoja mhubiri. Daftari la nini?

Tena daftari lina hatari. Amri moja ya CHIP-8 inaweza kuandika namba mpya kwenye kumbukumbu, hata pale ambapo programu yenyewe imekaa. Yaani mhubiri anabadilisha mahubiri katikati. Mkalimani wa kawaida haoni shida, kwa sababu anasikiliza kila sentensi upya. Mwenye daftari asipokuwa macho ataendelea kusoma maneno ya jana. Na hilo daftari lazima liandikwe kwa lugha ya chuma chenyewe. Ukiliandika kwa prosesa ya kompyuta ya mezani, halitasomeka kwenye prosesa ya simu. Ndicho kilichotupata na ile flashi.

Wasiponiamini mimi, watazame PPSSPP yenyewe. Mwaka 2024 ilipoingia kwenye duka la programu la Apple, iliingia bila kufasiri papo hapo, kwa sababu Apple haikuruhusu. Ilimbidi mwandishi wake atumie aina ya mkalimani, na emuleta ikatumika. Ikiwa aliyeiga PSP alirudi kwa mkalimani bila kufa, sisi wa CHIP-8 tunaona aibu gani?

Kuna jambo jingine linalonifurahisha. CHIP-8 haikuwahi kuwa mashine ya chuma. Ilibuniwa na Joseph Weisbecker wa kampuni ya RCA, Marekani, kwa ajili ya kompyuta ndogo iliyoitwa COSMAC VIP, iliyotoka mwaka 1977 ikiwa na kumbukumbu ya baiti 2,048 tu. Weisbecker aliandika mkalimani aliyeenea katika baiti 512, ili watu waandike michezo bila kuteseka na lugha ya mashine. Kwa hivyo CHIP-8 ilizaliwa na mkalimani. Kumwita mkalimani mzembe ni kumtukana baba mwenye nyumba.

Swali la njia nadhani nimelijibu. Nije kwa swali la lugha.

Wa C wana hoja nzito, na lazima nikiri. C iliundwa na Dennis Ritchie mwaka 1972, na emuleta nyingi kubwa duniani zimeandikwa kwa C au kwa binamu yake C++. Ni ya kasi na inakuachia uhuru wote. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa C. Jumamosi tatu mfululizo nilikwenda saiba mjini, shilingi moja kwa dakika, nikiandika CHIP-8 kwa C. Pesa zenyewe zilikuwa za nauli, kwa hivyo nilirudi nyumbani kwa miguu. Mchezo ulikuwa ukianza vizuri, halafu baada ya muda mfupi unaruka wazimu, skrini inajaa takataka. Nilisoma kila mstari, sikuona kosa.

Kosa lilikuwa hili. Programu ikiita kijisehemu chake kingine, emuleta huweka anwani ya kurudia kwenye safu yenye nafasi 16. Ikirudi, inatoa anwani ile na kupunguza hesabu kwa moja. Mimi nilisahau kupunguza. Kwa hivyo hesabu ikapanda, ikapanda, ikapita mwisho wa safu, na C ikaniachia niandike nje ya safu, juu ya vitu vingine. Haikuniambia kitu! C ni kama mjomba mpole anayekuachia kisu ukiwa mtoto.

Baadaye nikaiandika sehemu ile ile kwa Pascal katika chumba chetu cha kompyuta, nikiwa nimewasha ukaguzi wa mipaka. Programu ikasimama palepale, ikanipa kosa namba 201, na ikanionyesha mstari. Kilichonishinda Jumamosi tatu nilikimaliza kwa dakika tano. Najua fundi mzoefu wa C ana zana zake za kukamata makosa kama hayo. Lakini sisi si mafundi wazoefu. Sisi tunajifunza, na mwanafunzi anahitaji lugha inayomwambia, "Ngoja, hapa umekosea."

Nao wa Python? Sina ugomvi nao. Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, inasomeka vizuri kuliko zote tatu. Hata kasi yake ingetutosha, ingawa yenyewe ni mkalimani, na tutakuwa na mkalimani juu ya mkalimani. Shida ni kompyuta zetu. Nyingi zina Windows 7, na Python toleo 3.9 na yaliyofuata hayakubali Windows 7. Tutabaki na toleo la zamani, kisha tutafute programu nyingine ya kuchora skrini, na intaneti ya shule mnaijua wenyewe. Siku tutakapopata kompyuta mpya nitakuwa wa kwanza kuinua mkono kwa ajili ya Python.

Pascal tayari tunayo. Ndiyo mwalimu wetu anayotumia kutufundishia kanuni za programu. Free Pascal, iliyoanza mwaka 1993, haiuzwi, inaingia kwenye flashi, na inakubali hata mashine za biti 32. Inafasiri programu yote kabla ya kuiendesha, kwa hivyo kasi tunayo. Ina aina ya namba iitwayo baiti, 0 hadi 255, sawasawa na rejista 16 za CHIP-8. Ina muundo wa kuchagua unaofaa amri 35 kama pete na kidole.

Tazameni amri moja, 6A0F. Tarakimu ya kwanza, 6, husema "weka namba kwenye rejista". A ni rejista namba kumi. 0F ni kumi na tano. Yaani, weka 15 kwenye rejista ya kumi. Kwa Pascal huo ni mstari mmoja. Aliyesoma mada ya uwakilishaji wa data darasani ataielewa leo hii, na pengine kwa mara ya kwanza ataona kwa nini tunateswa na namba za msingi wa kumi na sita. Wanaouliza emuleta itatusaidia nini katika KCSE, jibu ndilo hilo.

Hata skrini tunaiweza. CHIP-8 ina nukta 64 kwa 32. Skrini ya maandishi ya Pascal ina safu wima 80 lakini mistari 25 tu, kwa hivyo mistari 32 haienei. Mwenzetu mmoja, msichana mtulivu asiyependa kuzungumza mikutanoni, ndiye aliyegundua dawa. Kuna alama ya kibao kizima, nusu ya juu na nusu ya chini. Kila alama ikibeba nukta mbili, mistari 32 inakuwa 16, nasi tunabaki na nafasi ya kuandika alama za mchezaji. Hakuna cha kupakua.

Watasema, "Lakini Pascal imekufa." Mwenye kuiunda, Niklaus Wirth wa Uswisi, aliaga dunia tarehe 1 Januari 2024, lakini lugha yake aliyoitoa mwaka 1970 haikuzikwa naye. Aliiunda hasa kwa ajili ya kufundishia, na sisi tuko shuleni, hatuko kiwandani. Tena msidharau kazi zake. Toleo la kwanza la Photoshop, mwaka 1990, sehemu yake kubwa iliandikwa kwa Pascal. Kila bango la harusi lililopambwa kwa Photoshop linatokana na mbegu hiyo.

Ninyi mnaotoka upande wa Tabaka mnajua ninachosema. Mchongaji wa jiwe la sabuni hutumia panga, kisu kidogo na msasa, kwa sababu jiwe letu ni laini. Hajamwonea wivu mvunja kokoto mwenye nyundo kubwa. Akiichukua nyundo ile, kifaru wake atakuwa vumbi. Hutazama jiwe kwanza, kisha huchagua chombo. Nasi tutazame jiwe letu ambalo ni CHIP-8, tutazame kompyuta zetu kuukuu, tutazame na mikono yetu ambayo bado ni ya wanagenzi.

Kwa hivyo napendekeza hivi. Emuleta yetu iandikwe kwa Pascal, kwa njia ya mkalimani. Igawanywe sehemu tatu zenye majina ya Kiswahili, Chukua, Tambua na Tekeleza, na maelezo yote yaandikwe kwa Kiswahili. Zile amri 35 tugawane, kila mwanachama amri mbili au tatu. Na pawe na sharti moja, kwamba hakuna sehemu itakayopokelewa kabla mwandishi wake hajaieleza mbele ya mwanachama mpya na mwanachama huyo akaielewa. Tukimaliza, anayetaka kujaribu C na daftari la papo hapo aanze, tena mimi nitamsaidia. Atakuwa na mkalimani anayefanya kazi wa kumlinganisha naye.

Kaka yetu alikuwa hodari kuliko sisi sote, lakini jifya moja haliinjiki chungu. Alipoondoka, chungu kilimwagika. Sitaki nasi tuondoke tuwaachie wadogo zetu flashi nyingine ya mafumbo. Nataka siku yule mama mwenye miwani atakapoweka tena kidole chake kwenye mstari wowote, ajibiwe na yeyote aliyesimama karibu, hata kama ni yule msichana asiyependa kuzungumza.

Wanachama wenzangu, muhula ujao mkiinua mikono, kumbukeni hayo. Naomba kutoa hoja.